Mwaka wa Kumwita Baba Mkubwa

Tulimzika Mama Mkubwa wiki mbili zilizopita, kule juu mlimani, na tangu nirudi mjini Same sijafundisha kipindi hata kimoja kwa utulivu. Nimefundisha baiolojia miaka mingi kiasi kwamba wanafunzi wangu wa mwanzo sasa wananiletea watoto wao, na mada inayonitoa jasho ni ile ile: vichocheo na miitikio. Kitabu kinasema stimulus; mimi naeleza kwa Kiswahili ili waelewe, kisha wao wanaandika kwa Kiingereza ili wafaulu. Nikiuliza kichocheo ni nini, wananitajia moto, sindano, pilipili, kofi. Binti mmoja aliwahi kujibu kwamba kichocheo ni mama yake akiwa ameshika mwiko, nikampa alama zake zote maana hakukosea. Ila naona daima wanataja kitu kinachoongezwa, kitu kinachokuja na kukugonga. Siwalaumu. Hata mimi niliamini hivyo mwaka ule niliokuwa nangoja matokeo ya kidato cha nne, na imani hiyo nusura igharimu uhai wa mtu. Pale msibani, Baba Mdogo Elifuraha, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na sikio moja halisikii vizuri, alinishika mkono akaniuliza kama bado nafundisha yale mambo yetu. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, nami nikajua kwamba sote wawili tunakifikiria chumba kimoja.

Chumba chenyewe kilikuwa upande wa nyuma wa nyumba ya Mama Mkubwa: ukuta wa mawe na udongo, dari ya mbao iliyopigwa weusi na moshi, na dirisha moja ambalo bawaba zake zilikatwa kwenye kandambili kuukuu. Nyuma ya ukuta huo, karibu kabisa, ulipita mfereji mkuu unaotoa maji kijitoni na kuyapeleka kwenye ndiva, lile bwawa letu la udongo ambalo watu hulifungua kwa zamu kumwagilia mashamba, nyumba baada ya nyumba. Mume wa Mama Mkubwa, Baba Mkubwa Zefania, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mfereji na ndiva. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na nyumba ilijengwa pale kwa sababu hiyo hiyo. Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzoa tope, wanaume wa kijiji wote wakiwa ndani ya bwawa na majembe yao, jiwe la ukingoni lilimponyoka chini ya mguu akaanguka akitanguliza kichwa. Walimteremsha mlima kwa machela ya miti hadi kwenye gari, na mdogo wake, ndiye huyo Elifuraha, alishika mbele njia nzima akakataa kupokewa. Hospitalini alikaa mpaka daktari akasema kidonda kimepona na hakuna kingine cha kumfanyia pale. Akarudishwa nyumbani macho wazi, anapumua mwenyewe, na hamjui mtu. Uji na maziwa alipewa kwa mpira uliopita puani. Mimi nilipelekwa nikamsaidie Mama Mkubwa kwa sababu nilikuwa nimekaa bure, na kwa sababu wenyewe hawakujaliwa mtoto.

Siku ya kumtoa hospitalini nilikuwapo. Yule daktari alikuwa kijana, mchovu, mwenye koti lililokosa vifungo, na ndiye mtu wa kwanza kunieleza neno lile nje ya darasa. Mama Mkubwa alimuuliza kama mumewe anasikia. Daktari hakusema ndiyo wala hapana. Alisema kwamba tumpe vichocheo, kila siku, sauti, harufu, mguso, kisha tuangalie kama mwili unaitikia. Nikamwambia, kwa ujuaji wa kidato cha nne, kwamba stimulus tulisoma. Akanitazama kama anayepima ndizi sokoni. "Sawa," alisema. "Basi wewe ndiye utakayeangalia. Kichocheo ni badiliko ambalo mwili unaweza kulihisi. Mwitikio ni kile mwili unachofanya kwa sababu ya badiliko hilo. Ukiona kitu mara moja, inaweza kuwa bahati. Kikijirudia, njoo uniambie." Niliyameza maneno hayo kama dawa. Neno moja tu, lile lililokuwa la maana kuliko yote, lilinipita, nami nikatoka pale nimejaa sauti, harufu na mguso.

Tulianza kumchokoza yule mgonjwa tangu asubuhi hadi jioni. Mama Mkubwa alimwita kila alipoingia chumbani, kwa jina la ubatizo, kwa jina la ukoo, kwa majina mengine ambayo alinitoa nje kwanza ndipo akayasema. Mimi nilimfinya vidole vya miguu, nilimwekea kitambaa cha maji ya baridi shingoni, nilimwashia redio hadi betri zikaisha. Kwaya ya usharika ilikuja ikaimba imejibana kuzunguka kitanda, sauti ya pili ikiwa imesimama nje dirishani kwa kukosa nafasi. Jirani mmoja alileta tangawizi iliyochomwa jivuni akamshikia puani, Baba Mkubwa akapiga chafya kubwa, na Mama Mkubwa akapiga vigelegele mpaka watu wa ng'ambo ya korongo wakaitikia. Nililazimika kumwambia kwamba hiyo haihesabiki. Chafya ni ya pua, nilisema, si ya mtu. Hakuzungumza nami mpaka usiku ule tulipokula makande, na hata hapo alisema tu nimpe chumvi. Nilikuwa mtoto wa watu, nimeletwa kusaidia, na kazi niliyopewa ilikuwa kusema hapana kila mara mwanamke yule alipopata furaha.

Kadiri vichocheo vilivyoongezeka, ndivyo uso wa Baba Mkubwa ulivyozidi kuwa mtupu. Leo ningewaeleza wanafunzi kwamba mwili huzoea. Ukiugonga kila saa unaacha kugeuka. Wakati ule niliogopa tu. Mahindi yalivunwa, yakakauka darini, kiangazi kikaingia, na Baba Mdogo Elifuraha, aliyekuwa akishikilia ulinzi wa mfereji kwa niaba ya kaka yake, akaanza kuja jioni na kukaa jikoni muda mrefu. Jiko lilikuwa kibanda cha pembeni, na ukiwa unachambua maharage upande wa nje wa ukuta unasikia kila kitu. Nilimsikia akiuliza kama Zefania amekula, Mama Mkubwa akajibu kwamba amemlisha. "Amelishwa," Baba Mdogo alisema polepole. "Shemeji, kula ni kwake yeye. Sisi tunamimina tu. Tunalisha mwili ambao mwenyewe ameshauhama." Baba Mdogo akaendelea, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye tamaa, ndiyo maana iliniogopesha. Alisema kaka yake hakuwa mtu wa kukaa namna ile, na kwamba wazee wamekubali kuja Jumapili baada ya ibada kumwita. Asipoitika, mpira utolewe apumzike, na zamu ya maji pamoja na ulinzi vihamie kwake, kama desturi inavyotaka.

Niieleze desturi hiyo, kwa kuwa watoto wa sasa waliokulia na bomba hawaijui. Asubuhi ya msaragambo pembe ilipigwa, watu wakakusanyika ukingoni mwa ndiva, na majina ya nyumba yakaitwa. Aliyeitwa aliitika. Aliyeitwa mara tatu bila kuitika, wala mwanawe asiitike kwa niaba yake, zamu yake ya maji ilikwenda kwa ndugu wa kiume wa karibu. Mwanamke hakuitika pale. Kwa hiyo Mama Mkubwa, ambaye alilima vitalu vile kwa mikono yake kuliko mwanamume yeyote wa ukoo ule, angebaki na ardhi isiyo na maji, yaani angebaki na vumbi, na mume kaburini. Nilipoingia jikoni alikuwa anasukuma kuni ndani ya mafiga kwa nguvu kupita kiasi, sufuria inafurika. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama kweli, kwa yale niliyosoma, kuna mtu bado mle ndani. Nikamwambia sijui. Nadhani ni jibu gumu kuliko yote niliyowahi kutoa, na nimewahi kusimamia mitihani ya taifa.

Siku ya Alhamisi, jua likiwa kali, nilikuwa nimeketi na Baba Mkubwa namkata kucha. Sikuwa nampa kichocheo chochote. Nilikuwa nimechoka na vichocheo. Ghafla pumzi yake ikabadilika. Ikawa fupi, ya haraka, kama ya mtu anayepanda. Macho yake, ambayo kwa miezi yalitazama dari, yakageuka polepole hadi kwenye ukuta wa nyuma yakabaki hapo, na mkono wake wa kulia ukaanza kupapasa ukingo wa kitanda kama mtu anayetafuta kitu alichozoea kukiweka hapo. Nilimwita, hakunijali. Nilimshika bega, hakunijali. Nilitazama chumbani kuona nini kimeingia: hakuna mtu, hakuna kuku, hakuna harufu. Nilisikiliza, nisisikie kitu. Nilisikiliza tena, na kweli hakukuwa na kitu cha kusikia. Mfereji ulikuwa kimya. Tulioishi pale hatukuusikia ukipita, kwa hiyo hatukuusikia ukikatika. Yeye peke yake ndiye aliyeusikia maisha yake yote, kwa sababu ukinyamaza ilimaanisha ukingo umebomoka huko juu, na ndivyo alivyokuwa, Mama Mkubwa aliniambia baadaye, anaacha ugali mdomoni, anachukua jembe na kuondoka. Ng'ombe wa mtu walikuwa wamekanyaga ukingo siku ile. Baba Mdogo, anayekaa mbali, aligundua baada ya muda akaenda kuziba, na maji yaliporudi nyuma ya ukuta, macho ya Baba Mkubwa yalirudi darini.

Badiliko. Hilo ndilo neno lililonipita kule hospitalini. Daktari hakusema kelele, alisema badiliko, na badiliko linaweza kuwa kitu kuondoka. Lakini alisema pia kwamba mara moja ni bahati, na tayari nilikuwa nimemvunja moyo Mama Mkubwa kwa ile chafya. Nisingeweza kumpa hili kabla ya kulihakiki. Kesho yake nilimwomba akae na mgonjwa tu, amtazame, bila kumwambia kwa nini. Nilipanda nikiufuata mfereji mpaka kwenye mlango mdogo wa kumwagia maji ya ziada korongoni, nikang'oa majani na udongo, nikaziba njia kuu kwa mikono. Maji yakageukia korongoni. Kulikuwa kiangazi, na kila mtu anajua kwamba kugusa maji ya ndiva wakati wa kiangazi bila ruhusa ya mlinzi ni kosa linaloweza kumharibia mtu jina maisha. Nilikuwa bado nimepiga magoti pale, tope hadi viwikoni, nilipoona gumbuti za Baba Mdogo mbele yangu.

"Unafanya nini na maji ya watu?"

Nilimwamkia kwanza. Sijui nilidhani shikamoo ingenisaidia nini. Hakuitikia. Nikamweleza yote, kwa haraka, maneno yakigongana, macho na mkono na pumzi, na yule daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kukaza. Alisema kwamba yeye na kaka yake walilala ngozi moja tangu utotoni. Alisema amemwita Zefania kila jioni, peke yake, sisi tukiwa jikoni, na amemwomba msamaha wa mambo ambayo hatutayajua. "Na wewe unaniambia anangoja mfereji?" alisema. "Unamfanya ndugu yangu panya wa maabara. Mtu huitwa kwa jina lake, binti. Haitwi kwa maji." Akainama, akaubomoa udongo wangu kwa teke moja, na maji yakarudi njiani. Nilikimbia kurudi nyumbani nikamkuta Mama Mkubwa amesimama mlangoni, kitambaa kimeanguka kichwani. Hakuuliza nilikuwa wapi. Aliniambia kwamba mkono wa mumewe ulitembea. Aliniambia ulitembea, kisha ukaacha, na kwamba nisithubutu kusema ni bahati.

Siku mbili zilizofuata hatukulala vizuri wala hatukusemezana sana. Tulijua kitu, na kitu hicho kilihitaji ruhusa ya mtu asiyetaka kukisikia. Mama Mkubwa alipika siku ya Jumapili kana kwamba anatayarisha sherehe ya ubarikio: wali, maharage ya nazi, kuku mmoja aliyekuwa akimwekea Krismasi. Wazee walikuja na suti zao za kanisani, wanne, wakiongozwa na Mzee Kiangi, mwenyekiti wa ndiva, mtu mwembamba aliyekuwa na tabia ya kufunga macho unapoongea naye ili usijue kama amelala. Walikula kidogo. Waliingia chumbani, wakasimama kandokando ya kuta, na mimi nikajibanza karibu na mlango na jagi la maji ya kunawa ambalo hakuna aliyelihitaji. Mzee Kiangi alimwita Baba Mkubwa kwa Kipare, jina lake, la baba yake na la ukoo, kama anavyoita ukingoni. Alingoja. Akaita tena. Baba Mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza, nami naapa alikuwa anaomba kaka yake aitike. Mzee akaita mara ya tatu. Macho ya Baba Mkubwa yalitazama dari. Mzee mmoja akakohoa, mwingine akasema taratibu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na ilionekana kwao shauri limekwisha.

Hapo ndipo niliposema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka. Niliomba radhi, nikasema kuna jambo moja halijajaribiwa, kwamba mfereji ukatwe kidogo tu. Mzee mmoja akauliza huyu ni nani. Mama Mkubwa akajibu kwamba huyu ni mwanangu, neno ambalo hakuwahi kulitumia kabla. Mzee Kiangi alifumbua macho, akanitazama, akamtazama Baba Mdogo. "Wewe ndiye mlinzi," alimwambia. "Maji ni ya kufungwa na wewe, si na binti wala na mimi. Unasemaje?" Angesema hapana, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumpinga. Zamu ingekuwa yake kabla ya jioni. Alimtazama kaka yake muda mrefu. Kisha akavua koti la suti, akamkabidhi Mama Mkubwa, akatoka.

Wanafunzi huniuliza kama mgonjwa wangu wa mfano huwa anapona, nikiwasimulia kisa hiki bila majina. Hakupona. Aliishi mpaka msimu wa tangawizi uliofuata, akafa asubuhi moja kwa homa ya mapafu, mpira puani, na zamu ya maji ikiwa bado kwa jina lake. Baada ya hapo Mzee Kiangi aliita nyumba ya Zefania ukingoni, na aliyeitika ni Mama Mkubwa, mwanamke wa kwanza, huku Baba Mdogo amesimama nyuma yake ili asiwepo wa kucheka. Aliitika pale mpaka alipozeeka. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani Jumapili ile iliishia kwenye muujiza, kwa maana watu wa kijiji walivyoisimulia baadaye ungedhani mgonjwa aliinuka akacheza.

Tulingoja. Tulisikia mfereji, sote, labda kwa mara ya kwanza, ukitiririka nyuma ya mawe yale kama ulivyotiririka tangu kabla hatujazaliwa. Kisha ukapungua. Ukawa uzi. Ukakatika. Chumba kikawa kimya mpaka nikasikia viatu vya Mzee Kiangi vikilia alipohamisha uzito. Hakuna kilichotokea, na nikamwona mzee mmoja akitazama mlango. Ndipo pumzi ikafupika. Macho yakashuka kutoka darini, polepole, yakaenda ukutani, na ule mkono ukaanza kupapasa ukingo wa kitanda, na safari hii kooni mwake ikatoka sauti, si neno, ni ule mguno wa mtu aliyesumbuliwa akiwa mezani. Mzee aliyetaja kimya alijikuta amekaa chini. Mzee Kiangi akavua kofia.

Baba Mdogo alirudi anahema, suruali ya kanisani imelowa mpaka magotini. Alisimama mlangoni akatutazama, kisha akauona mkono. Alipita katikati ya wazee, akapiga magoti, akaushika kwa mikono yake miwili. Mkono ukajichopoa na kuendelea kutafuta.

"Nimemwita miezi yote hii," alisema, akiwa amempa kila mtu mgongo. "Kwa jina lake. Kwa jina la utoto. Hakuniitika hata siku moja. Ameitika maji."

Mama Mkubwa alikuwa amesimama upande wa pili, koti la shemeji yake bado liko mkononi. Alikuwa ameshinda. Mume alikuwa wake, nyumba ilikuwa yake, maji yalikuwa yake, na nilitegemea kuona hayo usoni. Nilichoona ni mwanamke aliyeolewa ujana wake wote na mtu yule, akiutazama mkono usiomtafuta yeye.

"Hata mimi hakuniitika," alisema.

Akazunguka, akakaa kitandani kando ya Baba Mdogo, wakawa wawili, hakuna aliyemgusa mgonjwa. Pumzi ya Baba Mkubwa ilikuwa inazidi kwenda mbio. Mama Mkubwa akanigeukia.

"Nanzia, nenda ukamfungulie maji," aliniambia. "Anahangaika."